Saa ya Kwetu, Saa ya Hapa

Nyumbani kwetu Ghubra, Maskati, mtu akitaja saa huulizwa papo hapo: ya kwetu au ya hapa? Ya kwetu ni ile tuliyokuja nayo kutoka Unguja, ambayo jua likichomoza ni saa kumi na mbili na likiwa utosini ni saa sita. Ya hapa ni ile ya ofisini, ya redioni na ya shuleni, ambayo jua likiwa utosini ni kumi na mbili. Tulikuwa tukiuliza bila kufikiri, kama mtu anavyouliza chai iwe ya maziwa au ya rangi. Siku moja nilisahau kuuliza, na nusura nimuue baba yangu.

Kwa kawaida si rahisi kukosea. Ukisikia saa mbili unajua mtu anasema Kiswahili, ukisikia thintein, mbili hiyo hiyo, unajua ni Kiarabu. Lakini zipo tatu ambazo Waswahili tuliziazima kwa Waarabu na hatujazirudisha mpaka leo: sita, saba na tisa. Ukizitaja hizo mbele ya Mwarabu, yeye atasikia Kiarabu chake na wewe utasikia Kiswahili chako, kisha nyote mtaitikia kwa kichwa na kuagana kwa furaha. Nayajua haya sasa. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi ya ofisi, na nilijiona mjuzi wa lugha zote mbili.

Baba alikuwa amestaafu ukarani wa serikali, na alikuwa na sukari. Mama alimpikia, na mimi nilikuwa askari wake. Nilijua sindano ya asubuhi kachomwa saa ngapi na kala nini juu yake. Insulini yake ilikuwa ya namna ile inayoanza polepole na kushika kasi mchana, kwa hiyo chakula cha adhuhuri kwake hakikuwa hiari. Akichelewa kula alianza kutoka jasho, kisha ulimi ukawa mzito, kisha akawa anakutazama asikuone. Niliwahi kuyaona macho hayo mara moja, jikoni kwetu, na tangu siku hiyo sikumwacha hata kwenda msikitini bila peremende mfukoni. Alilalamika kwamba nampekua kama polisi wa uwanja wa ndege. Nikamwambia ndiyo, na ageuke nipekue mfuko wa pili.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetaka kupanda mlima.

Mlima wenyewe uko nyuma ya Qurayyat, mwendo wa saa nzima wa gari juu ya mawe ya bonde. Babu, yaani baba yake baba, alitoka kijiji kilicho chini ya mlima huo akiwa kijana, akafia Unguja bila kurudi. Hakuacha karatasi wala picha. Alichoacha ni maelezo ya mlima: mawe matupu mpaka juu, baridi hata jua likiwaka, na karibu na kilele kuna pengo kama la jino lililong'olewa. Jua likisimama juu ya pengo, watu wa kijiji wanajua ni saa sita, wanafunga maji ya mfereji kwa shamba hili na kuyafungulia shamba lile, na ole wake atakayezidisha. "Kwetu mlima ndio saa," babu alikuwa akimwambia baba, katika mji ambao hauna mlima hata wa dawa.

Baba aliishi Maskati miaka zaidi ya ishirini akiitwa Mzinjibari, mtu wa Unguja. Waliomwita hivyo hawakuwa watu wabaya, wengine walikuwa rafiki zake. Lakini Kiarabu chake kilichanganya dume na jike, na ofisini walikuwa wakimrudia maneno yake na kucheka, naye akicheka nao. Nyumbani hakucheka. Mwaka mmoja kabla ya safari yetu alikwenda kijijini kumuulizia babu. Walimkirimu, wakamjaza tende na kahawa, wakamwambia kwamba walioondoka kwenda Afrika walikuwa wengi na huyo hawamjui. Alirudi nyumbani. Siku ya nne akasema anataka kupanda mpaka kwenye pengo.

"Ukafanye nini?" Mama alimuuliza.

"Nkalione."

"Si ushaliona kutoka chini?"

"Nataka nlishike," alisema baba, na hapo Mama alinigeukia mimi, maana mambo ya kushindikana huwa yangu.

Nilikataa miezi miwili, kisha nikashindwa. Tulikwenda siku ya Alkhamisi, mwezi wa pili, kwenye ile wikendi ya zamani ya Alkhamisi na Ijumaa. Niliendesha pikapu yake mwenyewe kwa sababu macho yake hayakuwa tena ya kuendeshea. Tulisali alfajiri Qurayyat. Saa moja asubuhi, ya kwetu, nilimchoma sindano ndani ya gari, akala chapati mbili na yai na kunywa chai. Saa mbili tulikuwa kijijini.

Wa kumpandisha alikuwa mfugaji mbuzi wa miaka arubaini hivi, mwembamba, mwenye adabu mpaka inachosha. Alimwita baba "ya walid", yaani mzee wangu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumkaribisha kahawa. Baba akaikataa kwa heshima, akasema inatosha, maana tumbo lilikuwa limejaa chai yangu. Yule bwana alitabasamu kama mtu aliyefahamu jambo, wala hakujimiminia mwenyewe. Watoto wa kijiji walitukusanyikia. Baba aliingiza mkono mfukoni akawagawia peremende, zote, mpaka ya mwisho, na mimi nilikuwa naona, na nilifurahi kumwona anafurahi. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Mkoba wa chakula ulikuwa begani mwake: chapati, soda mbili, kopo la halwa. Yule bwana alikuwa amesema kufika kwenye pengo ni saa mbili za kutembea, na kushuka ni pungufu ya hapo. Nikapiga hesabu. Nikamtazama baba, pumzi zake, mabega yake yalivyoinama kwa ule mkoba, nikauvua kwa mikono yangu.

"Uwache hapa. Saa sita utakuwa ushateremka, utakula na mimi."

"Saa sita ntakuwa hapa, inshallah," alisema baba.

Yule bwana hakujua hata neno moja la Kiswahili, lakini hilo alilidaka. Uso wake ukakunjuka.

"Sitta," alisema. "Inshallah, sitta."

Sote watatu tulikubaliana. Waliondoka, yule bwana mbele na kiriba cha maji ya udhu mgongoni, baba nyuma na bakora yake, na mimi nikakaa ndani ya pikapu kando ya ukuta wa msikiti nikaanza kazi yangu ya kuwa na wasiwasi.

Mpaka saa nne niliwaona, vitone viwili vyeupe kwenye jabali la rangi ya kijivu. Kisha wakaingia nyuma ya ubavu wa mlima nikawapoteza. Nilijaribu kusoma gazeti. Nilisoma tangazo moja la samani mara sita. Saa sita kasorobo nilitandika mkeka nyuma ya gari, nikapanga chapati, nikafunika halwa nzi wasiitie miguu. Jua lilikuwa linalisogelea pengo, nami nikaona jambo ambalo babu alilisema: mzee mmoja alisimama kwenye mfereji, akatazama juu mara moja tu, akainama na kuziba maji kwa matambara na jiwe. Hakutazama saa ya mkononi wala hakuwa nayo. Kwa kitambo kidogo niliisahau hofu. Kisha pakaadhiniwa.

Nilisali vibaya. Nilisalimu nikageuza shingo kutazama njia ya mlimani, na njia ilikuwa tupu. Saa sita na nusu nilimkasirikia baba, kwa ubishi wake. Saa saba kasorobo nilimkasirikia yule bwana, na adabu zake zote zile ameshindwa kutunza ahadi. Saa saba kamili hapakubaki mtu wa kumkasirikia ila mimi. Sindano ilikuwa imeshatimiza saa sita mwilini, inashika kasi. Mkoba ulikuwa hapa chini na mtu alikuwa kule juu. Nikaenda kwenye nyumba ya yule bwana mbio, abaya yangu inakwama kwenye miiba.

Mkewe alikuwa anakanda unga. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ya watu wanaozungumza kutoka kilima hadi kilima. Nikamwambia kwa Kiarabu kwamba mumewe aliahidi kurudi sitta, na sitta imeshapita kwa saa nzima. Alinitazama, akaitazama saa ya ukutani, akanitazama tena.

"Sasa ni wahda, moja, binti yangu," alisema taratibu, kama anayesema na mgonjwa. "Sitta bado saa tano. Leo Alkhamisi, mume wangu kafunga sunna. Atashuka magharibi afuturu. Na baba yako si kafunga pia? Alikataa kahawa."

Nikasimama pale mlangoni. Kila kitu kikajipanga mbele yangu kwa mara moja: kahawa, lile tabasamu, uso uliokunjuka aliposikia sitta. Yaani aliposikia magharibi. Ningeweza kupata nafuu kwamba hakuna aliyepotea wala aliyeanguka. Sikuipata. Mtu aliyechelewa huharakisha, na huyu hakuwa amechelewa. Alikuwa na siku nzima ya kumtembeza mgeni wake, yeye kafunga, naye anaamini mgeni kafunga, na wala hana hata kokwa ya tende.

"Baba mgonjwa," nilisema. "Ana sukari. Asipokula atakufa."

"Kwa nini hakusema?"

Hakusema kwa sababu mimi nilikuwepo kusema.

Kutoka pembeni, juu ya godoro, ikatoka sauti nyembamba. Alikuwa mama yake yule bwana, kizee kidogo kilichojikunyata ndani ya shuka, macho yana ukungu. "Huyu hakukosea," alisema. "Sitta ni adhuhuri. Jua likiwa juu ya pengo ndiyo sitta. Mwanangu ndiye aliyekosea."

Mke wa yule bwana akaniegemea sikioni akaninong'oneza kwamba nimsamehe mama mkwe wake, akili zake huja na kuondoka. Nami sikuwa na nafasi ya kizee wala akili zake. Lakini kizee akapiga godoro kwa kiganja. "Inuka umpeleke!" alimwambia mkaza mwanawe. "Unga utakungoja."

Yule mwanamke akaosha mikono, akachukua bakora, akatoka, na mimi nikamfuata na mkoba. Alivaa ndara za plastiki. Mimi nilivaa viatu vyangu vya kazini vyenye kisigino, kidogo tu, lakini kisigino.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku ile, na nisijitie ushujaa: niliogopa mara mbili, kwa ajili ya baba na kwa ajili yangu. Njia haikuwa njia. Ilikuwa mawe yaliyokubali kukanyagwa na mawe yasiyokubali, na yule mwanamke aliyajua yote. Jiwe likiporomoka chini ya kiatu changu nililisikia likigonga, likigonga, likigonga, halafu kimya, na kile kimya ndicho kilichonitisha. Palikuwa na mahali ambapo mtu hupita kwa kuugeukia mwamba, kifua juu ya jiwe, visigino nje hewani. Nikavua viatu nikavitia ndani ya mkoba pamoja na chapati.

"Hapa alianguka mbuzi wetu mmoja," alisema yule mwanamke kwa sauti yake kubwa.

"Usinambie," nilimwomba.

"Mwaka juzi. Mwenye mimba."

Nilipanda nikihesabu. Saa saba na nusu: sasa jasho linaanza. Saa nane: sasa mikono inatetemeka. Saa nane na nusu: sasa ulimi. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sikuweza kuyatimiza hata nikiwa na afya njema. Nikamtukana babu kimoyomoyo kwa kumwachia mwanawe mlima badala ya kitu cha maana, kisha nikaomba radhi, maana huwezi kumtukana marehemu huku umelishika jabali lake kwa kucha. Chini kijiji kilikuwa kimekuwa kipande cha kijani cha kutosha kiganjani. Niliangalia mara moja tu.

Tulifika kwenye pengo saa tisa na dakika kidogo. Hapakuwa na mtu. Ni uwazi baina ya nguzo mbili za mawe, upana wa chumba, na upepo unapita pale kwa nguvu za kukuvua mtandio. Sikuliona pengo. Baba alilitamani umri wake wote na mimi nikapita kama anayepita mlango wa duka. Yule mwanamke akatia mikono mdomoni akapiga ukelele mmoja, mrefu. Tukangoja. Kutoka juu, kileleni, sauti ya mwanamume ikajibu.

Baba alikuwa amekaa akiegemea jiwe, chini kidogo ya kilele. Yule bwana alikuwa amemvika shuka lake na kumshika mabega asianguke, na midomo yake ilikuwa inasoma Qur'ani. Kanzu ya baba ilikuwa imelowa chapachapa, katika baridi ile. Macho yalikuwa yale yale ya jikoni. Yalinipitia yakaenda mbele.

"Alhamdulillahi mmekuja," alisema yule bwana, na niliona naye amelia. "Nilidhani kachoka, nikampumzisha. Sasa anasema lugha yenu tu. Kila nikimuuliza u mzima, ananijibu tamam."

Nikapiga magoti. "Baba."

"Tamu," alisema baba.

"Unasikia?" alisema yule bwana. "Tamam, tamam."

"Tamu," alisema baba tena, polepole, kwa ulimi uliokuwa mzito kama nguo iliyorowa. Alikuwa ameshasahau Kiarabu chote. Alikuwa anaomba sukari kwa lugha aliyonyonya nayo, kwa muda gani sijui, na mwenzake anamshukuru Mungu kwamba mzee ni mzima.

Kopo la halwa lilikataa kufunguka. Yule mwanamke akaninyang'anya, akalipiga kwenye jiwe, kifuniko kikaruka. Nikachota kwa kidole nikampaka baba ndani ya shavu, nikasugua, nikachota tena. Aliniuma kidole na nilifurahi, kwa kuwa mtu anayeuma yupo. Kisha soda, tone, tone, yule bwana ameshika kichwa. Hakuna tuliyemwangalia ila baba. Nafikiri zilipita dakika kumi na tano. Kama mtu angenambia nimekaa pale siku mbili ningemsadiki.

Kwanza jasho likakauka. Kisha macho yakarudi kutoka yalikokuwa, yakanitazama uso, yakashuka, yakasimama miguuni.

"We," alisema baba. "Viatu vyako viko wapi?"

Nikalia. Nikamgombeza, kwa sauti, mbele ya watu, baba yangu mzazi, kisha nikalia tena. Yule bwana alijipiga paji la uso. "Nilidhani kafunga," alisema, "wallahi nilidhani kafunga." Ndipo yakatoka yote, kipande kipande, huku baba anatafuna chapati. Walifika kwenye pengo saa nne, naye akalishika. Akataka kushuka. Mwenzake akamwambia bado wana nafasi kubwa mpaka sitta, twende juu nikuoneshe bahari. Baba aliona jua lilipo, akajua saa sita inakaribia, akadhani pengine juu ni karibu. Alipoanza kuhisi njaa, akaona mwenzake hali wala hanywi.

"Sasa ungemwambia!" nilisema. "Ungemwambia, nipe chakula!"

"Ntamwombaje chakula mtu aliyefunga?" alisema baba, na alinishangaa kweli.

Tuliteremka polepole, yule bwana mbele yake anampangia miguu jiwe kwa jiwe, mimi nyuma nimeshika kanzu yake kama mtoto sokoni. Tulikanyaga uwanja wa kijiji magharibi inaadhiniwa. Yule bwana akatazama saa yake. Nilimwona anapigana na nafsi yake asiseme, akashindwa.

"Sitta," alisema kwa sauti ndogo.

Mtu wa ahadi. Kama miguu yangu isingekuwa na damu, ningempiga kiatu, na kama nisingekuwa na hasira ningecheka. Mwishowe nilicheka, na mkewe akacheka, na yeye akabaki kasimama asijue kama kasamehewa.

Walitukatalia kuondoka bila kula. Tulikaa kwenye mkeka, tende, mkate na mchuzi, na mimi jicho langu halimwachi baba, nahesabu matonge. Kizee kikasogezwa karibu.

"Yuko wapi mtu wa sitta?" aliuliza.

Baba akajitaja na kumwamkia. Alikuwa amechoka, na Kiarabu chake kilirudi kikiwa kibaya kuliko kilivyoondoka.

"Jua likizama, saa ngapi?" kizee kilimuuliza.

Sote tulitazamana. Baba alijibu kama mwanafunzi. "Thnaash." Kumi na mbili.

"Likichomoza?"

"Thnaash vilevile."

"Likiwa juu ya pengo?"

"Sitta, mama."

"Nani kakufunza?"

"Baba yangu."

"Naye kafunzwa wapi?"

"Hapa," alisema baba.

Kizee kikafumba macho, na nikadhani akili zake zimeondoka tena. Kisha kikamgeukia mwanawe. "Nyote mlikuwa mkihesabu hivi kabla hamjaletewa redio," alisema. "Mpaka watu wazima mkaona haya. Huyu ndiye peke yake aliyebaki nayo. Umempandisha mtu wetu kwa saa ya redio, ukataka kutuulia."

Mtu wetu. Hakumjua babu, hakutaja ukoo wala jina. Mimi nilijua, na nilikuwa na ulimi mwepesi wa kusema, kwamba pwani nzima kule kwetu huhesabu saa hivyo hivyo, na bara pia, watu ambao babu zao hawakuwahi kuuona mlima huu. Haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Lakini nilimtazama baba. Alikuwa ameshika kipande cha mkate katikati ya njia ya kinywa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, hayafuti. Nikaufunga mdomo wangu, jambo ambalo waliokuwa wakinijua watakwambia si dogo.

Aliishi miaka minane mingine baada ya hapo, na kijijini alikwenda kila mwaka, chini tu, na mkoba wake begani. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni njia ya kurudi jioni ile. Niliendesha kwa kutambaa, taa za pikapu zinaruka juu ya mawe, miguu yangu imefungwa vitambaa vya yule mwanamke, na kila baada ya muda namsemesha baba ili nisikie kama ulimi wake mwepesi. Nilimuuliza jina la mama yake. Nilimuuliza saba mara nane ni ngapi. Alinijibu yote kwa subira. Tulipofika kwenye lami mambo ya kuuliza yakaniishia, nikakumbuka kwamba Jumamosi ana kliniki.

"Saa ngapi vile?" nilimuuliza.

"Saa tisa."

Nikashika breki. Nilikuwa nimeapa, kule juu, kwamba sitasahau tena maisha yangu yote.

"Ya kwetu au ya hapa?"

Baba alitazama mbele, njia inakotoka kwenye taa.

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu," alisema.

Asubuhi ya Jumamosi nilipiga simu kliniki kuuliza ni tisa ipi.